Mkono Unaosaidia na Mkono Unaozuia



Kila mwaka, shule zinapofunga, vijana wengi wa miji yetu hutafuta kazi njema ya kufanya. Wengine huwafundisha watoto wadogo kusoma, wengine huwatembelea wagonjwa. Na wako wanaokwenda katika vituo vya vijana wenye ulemavu, au kuwakusanya vijana hao katika ukumbi wa parokia, ili kuimba nao, kupiga ngoma nao na kutayarisha mchezo wa kuigiza. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo. Tunaisifu. Lakini tunataka pia kuipima, kwa maana nia njema peke yake haitoshi, na katika kazi hii nia njema imeharibu mambo zaidi ya mara moja.

Ni nani kati yetu asiyepata kuona jambo kama hili? Sikukuu ya mwisho wa mwaka imefika. Wazazi wameketi, wakubwa wamepewa viti vya mbele. Msichana ambaye miguu yake haina nguvu anabebwa mpaka jukwaani. Nyuma yake anasimama msaidizi, amemshika mikono yote miwili, naye anaiinua na kuishusha kwa kuufuata wimbo. Msichana hana la kufanya isipokuwa kutabasamu. Wimbo ukiisha, watu wanapiga makofi mengi, na akina mama wanafuta machozi. Kisha anabebwa tena, anarudishwa pembeni.

Sasa tuulize: makofi yale yalikuwa ya nani? Ugonjwa ulishika miguu ya msichana, haukushika mikono. Mikono yake ni mizima; ndiyo inayofua nguo na kupepeta mchele nyumbani kwao. Yeye angeweza kuinua mikono ile mwenyewe, tena kwa uzuri kuliko msaidizi wake. Basi watu hawakumpigia makofi kwa alilolifanya, maana hakuachiwa afanye lolote. Walipigia makofi huruma yao wenyewe. Na msichana analijua jambo hilo. Mtu asidhani kwamba halijui.

Hapo ndipo penye hatari ya kazi hii. Mkono uliokuja kusaidia umekuwa mkono wa kuzuia.

WANAMUZIKI WA BUSTANI YA WANYAMA

Ili kuona njia nyingine, hatuna haja ya kwenda mbali. Twendeni Kinshasa, kwenye bustani ya wanyama iliyo katikati ya mji. Huko, miaka ya elfu mbili na kitu, watu waliokuwa wakipita waliweza kusikia magitaa na sauti za waimbaji. Wenye kuimba walikuwa watu wazima waliopatwa na polio utotoni, nao walikuwa wameketi katika baiskeli zao za magurudumu matatu, zile zinazoendeshwa kwa mikono. Wakubwa wao walikuwa Ricky Likabu na Coco Ngambali. Kundi lao waliliita Staff Benda Bilili. Kwa Kilingala jina hilo lataka kusema: tazama yaliyo nyuma ya yale yanayoonekana.

Watu hao hawakuwa na nyumba ya kufanyia mazoezi. Hawakuwa na ngoma za dukani. Walizitengeneza kwa vitu vilivyookotwa. Mmoja wao alizoea kushuka katika kiti chake na kucheza chini kwa nguvu za mikono na mabega, na waliomtazama hawakufikiri tena juu ya miguu. Walijizoeza siku hata siku, kama fundi seremala anavyorudi kwenye meza yake.

Lakini jambo linalotugusa zaidi ni habari ya kijana Roger Landu. Roger hakuwa na kilema. Miguu yake ilikuwa mizima, mikono mizima, macho mazima. Alikosa mengine: alikuwa mtoto wa mitaani. Alikuwa amejitengenezea chombo cha muziki kwa kopo la bati, kijiti kilichopindwa na uzi mmoja wa waya. Chombo hicho huitwa satonge. Wale wazee wa baiskeli walimsikia, wakamkaribisha, wakamtia katika kundi, wakamfundisha kukaa katika wimbo pamoja na wenzake. Uzi ule mmoja ukawa sauti iliyowatambulisha kila mahali.

Tumezoea kufikiri kwamba mzima ndiye anayekwenda kumfundisha mwenye ulemavu. Hapa mambo yaligeuka. Wenye ulemavu ndio waliokuwa walimu, na mwenye miguu mizima ndiye aliyeokotwa barabarani. Kijana anayejitolea leo afikiri vizuri juu ya habari hiyo kabla hajaingia mlangoni. Pengine anakwenda kupokea zaidi ya anavyokwenda kutoa.

Mafanikio yao hayakuja upesi. Watengenezaji wawili wa sinema kutoka Ufaransa, Renaud Barret na Florent de La Tullaye, walikutana nao mjini, wakaanza kuwapiga picha na kuwasaidia kurekodi nyimbo. Kisha moto ukateketeza makao ya wenye ulemavu, na kazi ikasimama. Wafaransa wale wangeweza kurudi kwao wakiwa na picha chache za kusikitisha. Hawakufanya hivyo. Waliendelea kurudi Kinshasa mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2009 albamu ya kwanza ya kundi ilitoka, nalo likaanza kusafiri Ulaya. Mwaka 2010 sinema yao ilionyeshwa Cannes. Watu wa Ulaya walicheza wakiwa wamesimama, wakatoa jasho. Huwezi kucheza hivyo kwa ajili ya kumhurumia mtu. Unacheza kwa sababu muziki umekushika.

Wimbo wao mmoja unawasihi wazazi wawapeleke watoto wao kupata chanjo ya polio. Baba na mama wanaotusoma wasingoje kuusikia wimbo.

Tuseme na lililobaki, ili tusiwageuze watu hao kuwa malaika: mwaka 2013 kundi liligawanyika, kama makundi mengi ya wanamuziki yanavyogawanyika. Hata katika ugomvi walikuwa wanamuziki kama wengine.

MWENDO WA UBELGIJI

Pengine mtu atasema: hao wa Kinshasa walikuwa na akili timamu, kilema chao kilikuwa cha miguu tu. Itakuwaje kwa kijana ambaye akili yake inakwenda polepole, asiyejua kusoma, anayesahau maneno?

Tulijibu swali hilo kwa mfano wa Ubelgiji. Katika mji wa Liège, mwaka 1979, msanii Luc Boulangé alianzisha chama kiitwacho Créahm, kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili. Waliwekewa warsha za kuchora, na pia za muziki, ngoma na maigizo. Tafadhali angalieni walioitwa kuziongoza: hawakuwa waganga wala walezi, bali wasanii. Waliwapokea watu wale kama msanii anavyompokea msanii. Hawakuuliza kwanza, «Mtu huyu ana ugonjwa gani?» Waliuliza, «Mtu huyu ana nini cha kuonyesha?»

Miaka michache baadaye chama kama hicho kilikuwako Bruxelles pia, na kati ya waliopitia kazi yake alikuwamo kijana Pascal Duquenne, aliyezaliwa na hali iitwayo Down. Mtengeneza sinema Jaco Van Dormael alimpa nafasi ndogo katika sinema ya mwaka 1991, kisha nafasi kubwa katika sinema iitwayo «Le Huitième Jour», yaani Siku ya Nane. Mwaka 1996, huko Cannes, Duquenne alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume, akishirikiana na Daniel Auteuil, mmoja wa waigizaji wenye sifa kubwa katika Ufaransa. Waliigiza pamoja, wakapokea pamoja.

Hatusemi kwamba kila kijana wa kituo atafika Cannes. Hata vijana wenye akili nyepesi hawafiki. Twasema tu kwamba kabla ya tuzo ile palikuwa na miaka ya kazi katika chumba cha kawaida, pamoja na watu waliokubali kungoja.

KUNGOJA

Neno hilo, kungoja, ndilo kazi yenyewe. Tuwaeleze vijana wa shule jinsi warsha ya namna hii inavyokwenda, ili asiyepata kuiona aielewe.

Vijana huketi katika duara, wenye viti vya magurudumu pamoja na wasio navyo. Wasaidizi nao huketi humo humo, hawasimami pembeni kama walinzi. Kila mtu hutaja jina lake na kulifuatisha na tendo moja la mwili: kupiga goti, kutikisa kichwa, kufumba macho. Wote huliiga. Ambaye hasemi hufanya tendo peke yake, nalo ndilo jina lake kwa siku ile.

Kisha hufuata mchezo wa kioo. Watu wawili wanaelekeana. Mmoja anasogeza mkono au uso, na mwenzake anamfuata kama sura inavyomfuata mtu katika kioo. Sharti ni moja: mwenye ulemavu ndiye anayeanza kuongoza. Mchezo huo unaonekana mwepesi, nao unamfundisha msaidizi jambo gumu. Maana kama kijana aliye mbele yake anatumia dakika nzima kuinua mkono mpaka begani, msaidizi naye lazima atumie dakika nzima. Mabega yake yataanza kuuma. Ataona kwamba mwendo ule wa polepole una mashaka ndani yake, una kazi, na mara nyingine una uzuri ambao yeye na haraka yake hajapata kuuona.

Wako waliozoea kazi hii wanaotoa shauri moja: kabla hujanyosha mkono wa kusaidia, hesabu hadi kumi moyoni. Mara nyingi ukifika saba jambo limekwisha kufanyika bila wewe. Na ukiona kweli msaada unahitajika, uliza, «Nikusaidie wapi?» Usimwite maskini. Usikishike kiti cha magurudumu bila ruhusa, kwa kuwa kiti kile kwa mwenyewe ni kama miguu. Nani apendaye kushikwa miguu na mgeni? Chuchumaa au keti, ili macho yenu yalingane.

Kipofu apewe nafasi ya kulijua jukwaa kabla ya kuigiza juu yake. Atembezwe pembeni mwote, aguse ukingo kwa mguu na kwa mkono. Kamba nyembamba ikibandikwa sakafuni, nyayo zake zitaisoma na hatahitaji kushikwa tena. Kwa kiziwi msaidizi asimame penye mwanga, uso wake uonekane, na kama hajui lugha ya alama ajifunze alama chache kila juma, tena ajifunze kwa kiziwi mwenyewe. Na asiseme kwamba kiziwi hana haja ya ngoma! Ngoma kubwa ikiwekwa juu ya sakafu ya mbao, mlio wake hupanda kwa miguu. Mwanamke mmoja wa Scotland, Evelyn Glennie, alikuwa karibu hasikii kitu alipotimiza miaka 12. Hata hivyo amekuwa mpigaji wa ngoma anayejulikana duniani kote, naye hupiga bila viatu, ili ausikie muziki kwa mwili.

Juu ya kijana mwenye akili ya polepole tuna machache tu: warsha ianze na kumalizika kwa namna ile ile kila mara, kwa wimbo ule ule, na maneno yake katika mchezo yawe mafupi na yatoke kinywani mwake mwenyewe. Akisahau, mwenzake ndani ya mchezo amkumbushe, asikumbushwe kwa sauti ya kunong’ona kutoka nyuma ya pazia, ambayo ukumbi mzima huisikia.

Tuna neno pia juu ya michezo inayochaguliwa. Kwa nini katika maigizo yetu kiwete hupewa daima nafasi ya kiwete? Ni mwombaji njiani, ni mgonjwa anayeponywa kabla ya wimbo wa mwisho. Mpeni nafasi ya mfalme. Mpeni nafasi ya mwanasheria mwongo, ya mwizi wa mbuzi, ya mama mkwe mkali. Na mchezo ukiwa wa kuchekesha, watu wacheke! Tumeona mara nyingi jinsi watazamaji wanavyojizuia, wakidhani kumcheka mwigizaji mwenye ulemavu ni dhambi. Mwigizaji aliyejizoeza miezi mitatu ili awachekeshe watu, asipochekwa, amenyimwa mshahara wake.

MAMA ALIYE MLANGONI

Vijana wanaojitolea hukutana na mlango mwingine mgumu: mlango wa nyumba. Wako wazazi wasiopenda mtoto wao aonekane. Tusiwahukumu upesi. Mama mmoja husema, «Mwanangu hawezi.» Maana ya maneno yake, mara nyingi, ni kwamba amekwisha kuona watu wakimcheka mtoto wake, na hataki kuona tena. Wengine wameumia zaidi, kwa sababu katika miji yetu wako watoto walioitwa wachawi kwa ajili ya kilema chao. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Lakini sheria haizunguki mitaani jioni, na maneno ya jirani huzunguka. Wahenga walisema, «Hujafa hujaumbika.» Anayecheka leo hajui mwili wake utakuwaje kesho.

Kwa mama wa namna hiyo usilete hotuba. Mwambie, «Mama, njoo uketi pamoja nasi, utazame.» Aje mara moja, mara mbili. Mwenyewe ataona.

Na mzazi ana haki ya kuuliza maswali, tena ayaulize. Nani anaongoza? Wako watu wazima wangapi? Msaidizi asikae faraghani na kijana peke yake. Wawepo wawili daima, na mlango uwe wazi. Kijana akihitaji kupelekwa msalani, wazazi waulizwe mapema ni nani atakayempeleka na kwa namna gani. Picha zisipigwe bila ruhusa yake na ya wazazi. Tunasema hivyo kwa sababu siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera, na wako wanaokuja siku moja, wanapiga picha za watoto walio katika viti vya magurudumu, wanaomba fedha kwa picha hizo, na hawarudi. Jambo hilo ni aibu.

Mtu asifikiri, basi, kwamba warsha hizi ni zawadi tu ya watu wema. Umoja wa Mataifa ulitoa mwaka 2006 Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na kifungu cha 30 chasema kwamba watu hao wapewe nafasi ya kukuza vipaji vyao vya sanaa, kwa faida yao na pia kwa kuitajirisha jamii yote. Kongo ilijiunga na Mkataba huo mwaka 2015. Tarehe 3 Mei 2022 nchi ilipata sheria yake yenyewe juu ya ulinzi na haki za watu wanaoishi na ulemavu. Kijana anayejitolea anaitumikia haki.

MGENI SIKU MBILI

Tumebakiwa na jambo ambalo hutuhuzunisha kuliko yote. Likizo huisha. Msaidizi aliyekuwa akija kila Jumamosi, aliyejua wimbo wa kila mmoja, siku moja haji. Juma lililofuata haji tena. Hakuna aliyeambiwa kitu. Yule kijana ambaye akili yake inakwenda polepole huendelea kumngoja mlangoni, maana hakuna aliyemfundisha kuhesabu mwisho wa likizo.

«Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.» Mwenye kutaka kuwa mgeni wa siku mbili na asiye tayari kwa jembe, ni afadhali asije. Wala hatumwombi mwanafunzi aache masomo yake. Tunamwomba aseme tangu siku ya kwanza: «Nitakuja mara nane, Jumamosi nane, kisha nitakwenda shuleni.» Aziandike siku hizo ukutani, azifute moja moja pamoja na vijana, na siku ya nane iwe siku ya kuagana. Mara nane zilizoahidiwa na kutimizwa ni bora kuliko mwaka mzima wa ahadi zisizo na tarehe.

Na asiyejua kuimba wala kuigiza asijione hana kazi. Mtu aulize kiongozi yeyote wa warsha hizi anahitaji nini zaidi. Mara nyingi hatatajiwa mwalimu wa ngoma. Atatajiwa mtu mwenye mikono imara wa kusukuma kiti cha magurudumu katika matope baada ya mvua. Atatajiwa fundi wa kuziba mpira uliotoboka, mama wa kupika uji, mtu wa kulipa nauli ya wawili. Warsha nyingi hazifi kwa kukosa vipaji. Zinakufa kwa sababu mvua ilinyesha na hakuna aliyekwenda kuwachukua vijana.

Siku ya onyesho, wasaidizi wakae nyuma ya pazia au kati ya watazamaji. Makofi yakipigwa wasipande jukwaani kuinamisha vichwa pamoja na waigizaji, isipokuwa wameitwa nao. Mwenye hotuba ndefu ya kuwashukuru wafadhili aifupishe. Halafu iko kazi iliyosalia: viti vya ukumbi vikusanywe, ngoma zirudishwe zilikoazimwa, na kila kijana afikishwe kwao kabla ya giza kuingia, kwa maana njia ni ile ile na mashimo yake ni yale yale.